Saa ya Mishale na Hesabu ya Kiswahili: Kutoka Unguja hadi Kigali

Mwanafunzi wa Kigali anapoanza kujifunza Kiswahili hukutana na mambo mengi mageni, lakini hesabu ya saa si mojawapo. Tangu utotoni amekwisha kusikia kwa Kinyarwanda kwamba jua likiwa utosini ni saa sita, na kwamba saa inayofuata ni saa saba. Hapo hatumii gatandatu wala karindwi, ambayo ndiyo majina ya sita na saba katika lugha yake. Hutumia sita na saba, maneno yaliyopanda vilima kutoka pwani pamoja na chombo chenyewe, ambacho hadi leo huitwa isaha. Sisi tunaofundisha Kiswahili katika mtaa wa Nyakabanda, Wilaya ya Nyarugenge, huanza somo la saa kwa furaha, kwani ni somo ambalo darasa zima limekwisha kulijua nusu yake kabla mwalimu hajashika chaki.

Makala haya yanahusu saa ya mkono, hasa ile saa nzuri ya mishale ambayo wenye kuipenda huichagua kwa makini, huinunua kwa gharama, huitunza kwa miaka mingi na pengine huwarithisha watoto wao. Baadhi ya wasomaji watauliza chombo hicho cha fahari kina uhusiano gani na walimu wa lugha. Jibu letu ni kwamba saa ya mishale ndiyo iliyoihifadhi hesabu yetu ya saa kwa zaidi ya miaka mia moja, na kwamba hesabu hiyo sasa imo hatarini. Haikupigwa marufuku na mtu yeyote. Kinachotoweka ni uso wa saa wenyewe, ambao watoto wetu hawauoni tena.

Mapenzi ya saa si jambo la jana katika Afrika ya Mashariki. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultan, aliyezaliwa Unguja mwaka 1844 na baadaye kujulikana Ulaya kwa jina la Emily Ruete, aliandika kumbukumbu za maisha yake zilizochapishwa kwa Kijerumani mwaka 1886. Katika kueleza vyumba vya wakubwa wa Unguja, ataja vioo vikubwa, vyombo vya kaure vilivyopangwa katika vidaka vya ukutani, na saa nyingi za namna mbalimbali, zilizokusanywa na kupangwa kuwa pambo la chumba. Hapana shaka mwenye nyumba hakuhitaji saa kumi ili ajue kwamba adhuhuri imeingia, kwa maana mwadhini alimtosha. Saa zile zilikuwa mali ya kutazamwa, ushahidi wa merikebu zilizotia nanga na biashara iliyostawi. Mpenzi wa saa wa siku hizi, mwenye sanduku la saa sita au saba ambazo huzivaa kwa zamu, asijidhanie kuwa ameanzisha jambo jipya.

Lakini saa hizo zilisomwaje? Hapa ndipo palipo na kiini cha habari yetu. Katika nchi za Kiarabu siku ilihesabiwa kuanzia magharibi. Jua lilipozama, saa ilikuwa imetimia kumi na mbili, na mwenye saa akairekebisha mishale yake ili hesabu ya usiku ianze upya. Kule Makka kazi hiyo haikuwa na mwisho, kwani jua huzama mapema wakati wa kipupwe na hukawia wakati wa kiangazi, na tofauti hiyo huzidi saa moja nzima. Katika nchi zetu, zilizo karibu na Ikweta, mchana na usiku hukaribia kuwa sawa mwaka mzima. Hesabu inayofuata jua huweza kuwekwa mara moja tu, nayo ikabaki kuwa kweli kwa kiasi cha kumridhisha mtu yeyote asiyekuwa nahodha au mnajimu. Desturi iliyowataabisha watu wa kaskazini ikawa nyepesi kwetu.

Lugha nayo imeishuhudia desturi hiyo. Tunapouliza "Saa ngapi?", twauliza idadi. Hatusemi saa ya kwanza, saa ya pili. Twasema saa moja, saa mbili, yaani saa zilizokwisha kupita tangu jua lichomoze au tangu lizame. Mwanafunzi akielewa kwamba swali lenyewe ni la kuhesabu kilichopita, hana haja ya kukariri jedwali lolote.

Sasa tazama bahati iliyoje. Uso wa saa iliyotoka Ulaya umegawanywa sehemu 12, na tofauti baina ya hesabu ya Kizungu na hesabu yetu ni saa 6, ambayo ni nusu kamili ya duara. Mshale mfupi ukielekea 9, kinyume chake kabisa ni 3. Ukielekea 1, kinyume chake ni 7. Ukielekea 12, kinyume chake ni 6. Kwa hiyo mtu wa pwani hakuhitaji kutengenezewa saa ya kwake. Aliweza kuigeuza mishale ikae kwa hesabu yake, au akaiacha kama ilivyotoka kiwandani na kusoma upande wa pili. Kama tofauti ingekuwa saa tano, au uso wa saa ungegawanywa sehemu 24, huenda hesabu yetu ingalikwisha kufa. Katika Kiswahili cha zamani mshale wa saa huitwa pia akrabu, neno la Kiarabu lenye maana ya nge. Saa nyingi za zamani zina mshale wenye kijimkia kifupi upande wa nyuma, na msomaji wa Kiswahili ndiye anayeusoma mkia huo. Twawapa walimu wenzetu mfano huu bure, darasani hausahauliki.

Saa ya wakubwa ilikuwa pia saa ya dola. Mwaka 1883 Sultani Barghash bin Said alijenga Beit al-Ajaib, na mbele ya bahari ya Unguja ukasimama mnara. Tarehe 25 Agosti 1896 Sultani Hamad bin Thuwaini alifariki, na Khalid bin Barghash akajitwalia kiti bila ridhaa ya Waingereza. Alipewa muda hadi saa tatu asubuhi ya tarehe 27. Dakika mbili baada ya saa tatu mizinga ya manowari ilianza kulia, na kabla ya kutimia saa nne vita vilikuwa vimekwisha. Watu wapatao 500 wa upande wa Khalid waliuawa au kujeruhiwa. Maofisa wa Kiingereza walisoma 9 na watu wa mjini wakasoma 3, lakini mshale ulikuwa mmoja, na muda wa mwisho ulikuwa wa aliyekuwa na mizinga. Mnara uliharibiwa katika mashambulizi hayo, na mwaka 1897 mnara mpya wenye saa uliunganishwa na uso wa Beit al-Ajaib. Huo ulisimama zaidi ya karne moja, ukaanguka pamoja na sehemu ya jumba tarehe 25 Desemba 2020.

Kutoka pwani saa zilisafiri kwa njia za misafara. Mwaka 1862 msafiri John Hanning Speke alipofika kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, miongoni mwa zawadi alizompelekea, pamoja na bunduki, hariri na ushanga, ilikuwamo saa ya dhahabu. Rwanda ilifikiwa baadaye. Wajerumani walipoweka makao yao Kigali mwaka 1907 chini ya Richard Kandt, walifuatana na askari, makarani na wafanyabiashara waliosema Kiswahili, ambao wengi wao walikuwa Waislamu. Mwaka 1913 ulijengwa msikiti uliokuja kuwa maarufu mjini. Majeshi ya Wabelgiji yaliingia Kigali Mei 1916, na chini ya utawala wao wafanyabiashara hao walitengewa mtaa wao, uliojulikana kama Kambi ya Waswahili, huko Biryogo, mwendo wa miguu tu kutoka hapa Nyakabanda. Neno saa liliingia kwa milango hiyo: kambini, sokoni, msikitini na ofisini. Wengi katika watawala walidharau Kiswahili na kukihesabu kuwa lugha ya watu wasio wenyeji wa mahali popote. Hata hivyo, mwananchi wa mlimani ambaye hakupata kukanyaga Biryogo alianza kusema saa moya, saa sita, saa saba. Twaona fahari kidogo katika jambo hili. Lugha iliyozungushiwa mipaka ya mtaa mmoja iliigawa siku ya nchi nzima, nao watawala waliosema Kifaransa wakaendelea kuhesabu peke yao.

Yafaa tuongeze jambo moja la jiografia ambalo wanafunzi hulipenda. Kigali iko karibu kabisa na longitudo ya 30 mashariki, na saa rasmi ya Rwanda, iliyotangulia ile ya Greenwich kwa saa mbili, imepimwa kwa mstari huo huo. Maana yake ni kwamba saa yetu ya serikali na jua letu hukaribia kusema jambo moja. Unguja, iliyo karibu na longitudo 39, hutumia saa iliyopimwa kwa mstari wa 45, na kwa hiyo kwa wastani jua lake hufika utosini dakika 23 hivi baada ya saa kuonyesha adhuhuri. Kwa upande huu, hesabu ya Kiswahili ni sahihi zaidi Nyakabanda kuliko kwao ilikozaliwa! Twasema hivi kwa mzaha, na ndugu zetu wa Unguja watatusamehe. Wakumbuke tu kwamba sisi tukisema saa tatu, kwao ni saa nne, ingawa wote twasema Kiswahili.

Hadi hapo saa zilizotajwa ni za ukutani, za mnarani na za mfukoni. Saa ya mkono ilichelewa. Fundi Breguet wa Paris aliagizwa mwaka 1810 atengeneze saa ya kuvaliwa mkononi kwa ajili ya Malkia wa Naples, naye akaikamilisha mwaka 1812; lakini kwa karne nzima iliyofuata saa ya namna hiyo ilihesabiwa kuwa pambo la wanawake. Vita Vikuu vya 1914 hadi 1918 vilibadili mawazo hayo, kwani askari aliye handakini hana nafasi ya kupekua mfuko. Hans Wilsdorf, aliyeanza biashara London mwaka 1905 na kuliandikisha jina la Rolex mwaka 1908, alihamia Geneva, akatoa mwaka 1926 saa iliyofungwa vizuri isiingie maji, na mwaka 1931 saa ya kujitia yenyewe kwa mwendo wa mkono. Wanafunzi wetu wakisikia neno rolex hufikiri kwanza chapati iliyokunjiwa mayai, chakula kilichotoka Uganda na ambacho hata hapa Kigali hupatikana. Jina hilo limetokana na maneno ya Kiingereza ya mayai yaliyokunjwa, wala halihusiani na Geneva. Mwalimu asiwacheke, awaulize tu ni ipi kati ya rolex hizo mbili iliyowafaa watu wengi zaidi.

Kuhusu fahari yenyewe, mfano ulio karibu nasi kihistoria ni wa Oman. Sultani Qaboos bin Said alitawala kuanzia Julai 1970 hadi alipofariki Januari 2020. Katika miaka ya 1970 saa za Rolex na za viwanda vingine ziliagizwa kwa ajili yake, nyingi kupitia duka la Asprey la London, zikiwa na nembo ya jambia la Oman juu ya uso wa saa au nyuma yake. Alizitoa kwa watumishi wake na kwa maofisa wa kigeni, wakiwamo askari wa Kiingereza waliopigana upande wake katika vita vya Dhofar. Leo saa hizo zinagombewa katika minada, na bei yake hupita mara nyingi ile ya saa kama hizo zisizo na jambia. Hiyo ndiyo miaka ambayo Waomani wengi waliozaliwa Unguja na bara walirudi Muscat na lugha yao ya Kiswahili, na wengi wao wakashika kazi za serikali. Tazameni jinsi saa ilivyopanda cheo. Katika chumba cha Salme ilikuwa pambo la ukuta wa mwenye mali. Mkononi mwa mtumishi wa Sultani Qaboos imekuwa kama barua ya cheo, inayosema bila maneno kwamba mvaaji huyu anajulikana na mkubwa.

Barua ya namna hiyo husomwa na wote, hata wasiotakiwa kuisoma. Mwaka 2024, vijana wa Kenya walipopinga muswada wa fedha, mojawapo ya mambo yaliyowachoma ni saa za mikono za viongozi, na bei zake zilitangazwa hadharani na kulinganishwa na maisha ya mwananchi wa kawaida. Sisi hatuoni aibu kwa mtu kupenda saa nzuri kwa jasho lake. Lakini saa inayovaliwa ili itangaze bei ni saa isiyosomwa na mwenyewe. Husomwa na wengine tu.

Turudi kwa yule anayeipenda saa kwa ajili ya saa. Achague nini? Watu wengi huanza kwa jina la kiwanda, na hapo ndipo walaghai wanapowangojea, maana saa za bandia zenye majina makubwa zimejaa katika masoko ya kila mji. Uzito na mng'aro havitoshi kuwa ushahidi. Mshale wa nukta wa saa ya betri huruka hatua moja kila nukta, na ule wa saa ya kamani huteleza kwa hatua ndogo, tano hadi nane kwa nukta moja. Lakini siku hizi hata saa ya bandia huweza kuwa na kamani. Njia ya kuaminika ni fundi kufungua mgongo na kutazama mtambo. Mwenye kipato cha ualimu akubali ushauri wetu: saa nzima ya Seiko 5, aina iliyoanza kutolewa mwaka 1963 na kupendwa sana katika nchi zetu, ni bora kuliko jina la Geneva lililobandikwa juu ya mtambo usiojulikana.

Baada ya mtambo, atazame uso. Saa nyingi za fahari hazina tarakimu hata moja. Zina vijiti tu, kumi na viwili. Uso kama huo hauna lugha. Mwingereza husoma kichwa cha mshale na Mswahili husoma mkia, wala hakuna tarakimu ya kumkanusha yeyote. Kwa mwalimu wa Kiswahili huu ndio uso unaopendeza kupita yote. Zipo pia saa zenye pete inayozunguka uso, iliyoandikwa 1 hadi 12. Ukiizungusha pete hiyo nusu duara, mshale ulio juu ya 7 utasomeka 1 kwenye pete, na saa ya Uswisi itakuwa imeanza kusema Kiswahili bila kufunguliwa.

Kidirisha cha tarehe ni jambo jingine. Kwa desturi tarehe hubadilika mishale ikutanapo juu ya 12, ambayo kwa hesabu ya Kizungu ni saa sita usiku. Lakini kwa wazee wetu wa pwani siku mpya huanza magharibi, na ndiyo maana wao wakisema usiku wa Ijumaa huwa ni ule uliotangulia mchana wa Ijumaa. Mtu akiigeuza mishale ya saa yake ikae kwa Kiswahili, ili 12 iwe ndiyo machweo, tarehe nayo itabadilika machweo. Atakuwa na saa ya Kizungu inayofuata siku ya wazee kuliko kalenda iliyotundikwa ukutani. Mwenye kufanya hivyo akumbuke tahadhari ya mafundi: tarehe isisogezwe kwa mkono wakati mshale mfupi uko kati ya 9 na 3 kuelekea badiliko hilo, kwa maana meno ya magurudumu yamekwisha kukamatana na huweza kuvunjika.

Adui wa uso huu hakutoka katika siasa. Tarehe 25 Desemba 1969 kampuni ya Seiko ilitoa Tokyo saa ya mkono ya kwanza kuuzwa iliyoendeshwa na kipande cha jiwe la kwatsi, kinachotetema mara 8,192 kwa nukta moja kwa nguvu ya betri. Kwa usahihi wa mwendo, saa ya kamani haikuweza tena kushindana. Wafanyakazi wa saa wa Uswisi, waliokuwa karibu 90,000 mwaka 1970, walipungua hadi kama theluthi moja katikati ya miaka ya 1980. Saa ya mishale iliokoka kwa kugeuka kuwa anasa. Watu wa kawaida walipata saa za tarakimu kwa bei ya chini, kisha wakapata simu, na simu haina duara.

Matokeo yake twayaona darasani. Mwanafunzi aliyezoea mishale hafanyi hesabu yoyote. Hutazama na kusema. Mwanafunzi wa simu huona 13:00 na hana kitu cha kutazama upande wa pili. Humbidi atoe sita, apate saba, na hapo anafaulu. Akiona 20:00 hutoa sita akapata kumi na nne, akashangaa. Akiona 03:00 hana cha kutoa, naye huandika saa tatu usiku badala ya saa tisa. Makosa haya yamekuwa mengi katika madaftari tunayosahihisha, hata kwa watoto ambao nyumbani bibi zao husema saa saba bila kufikiri. Kiswahili kilitangazwa kuwa lugha rasmi ya Rwanda mwaka 2017, na vitabu vyetu vina somo la saa lenye picha za duara. Lakini mtoto huiona duara hiyo kitabuni tu, kama anavyoona picha ya jahazi. Kwa sababu hiyo tumeomba kwamba kila chumba cha Kiswahili kiwe na saa ya ukutani ya mishale inayotembea, nasi wenyewe huvaa saa za mishale tukiingia darasani, ili tukiulizwa wakati tunyooshe mkono na kumwachia mwanafunzi asome.

Saa inayovaliwa hutaka kutunzwa. Bado twasema kuitia saa ufunguo, ingawa funguo zenyewe zilianza kuachwa tangu Adrien Philippe alipobuni, katika miaka ya 1840, njia ya kuitia saa kwa kuzungusha kitufe cha ubavuni. Saa ya kamani itiwe ufunguo kila asubuhi kwa wakati ule ule, taratibu, hadi mkono uhisi kizuizi, na isilazimishwe kupita hapo. Ile ya kujitia yenyewe hudumu aghalabu siku moja na nusu au mbili ikivuliwa, kisha husimama. Kusimama kwake si ugonjwa. Vumbi letu jekundu la kiangazi hupenya penye mpira uliozeeka, na mvua za masika huingia kwa njia hiyo hiyo. Spika na sumaku za mifuko ya simu huifanya saa ikimbie. Mafuta ya ndani hukauka hata kama saa haivaliwi, na kwa hiyo kila baada ya miaka mitano hivi fundi aifungue yote, aioshe na kuitia mafuta mapya. Wenye kuiacha hadi isimame huja kulipa zaidi, kwa kuwa vyuma vimekwisha kulana.

Fundi huyo hapatikani kirahisi tena. Wale waketio nyuma ya kijisanduku cha kioo kando ya barabara siku hizi hubadilisha betri na mikanda kutwa nzima, na aliyefunzwa kufungua kamani bila kuiruhusu iruke ni mtu mzima, aghalabu asiye na mwanagenzi. Wenye saa za majina makubwa huzipeleka ng'ambo. Sisi wengine twamtegemea yeye, kioo chake cha jichoni na koleo zake ndogo.

Hivi karibuni tulikuwa karibu na meza ya fundi wa namna hiyo mtaani kwetu. Kijana mmoja alikuja kuchukua saa ya marehemu babu yake, ya uso wa vijiti, iliyokuwa imeoshwa na kutiwa mafuta. Fundi alivuta kitufe ili aipatanishe, akauliza saa ngapi. Kijana akatazama simu, akasema, "Kumi na nne na dakika kumi na tano." Fundi akamngoja. Kijana akatazama tena, akanyamaza. "Saa nane na robo," fundi akasema, akaupeleka mshale mfupi mbele kidogo ya kijiti cha pili, akamwonyesha kwa ncha ya koleo kijiti kilichoelekeana nacho upande wa pili, kisha akasukuma kitufe ndani.